Mfungo Mkavu wa Mama Anayenyonyesha

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi hapa Juru, kambini kwetu, mwanangu, nilijinyoosha mkekani na mtoto kifuani, usingizi ukanichukua, nikaota ndoto iliyonifanya nikaribie kumuua mtoto huyo kwa maombi yangu mwenyewe. Nasema kumuua, wala sitafuti neno laini zaidi. Nimezeeka sasa, meno ya mbele yameniaga, na mtu aliyeagwa na meno yake hana sababu ya kupaka maneno sukari.

Ningekaa kimya hata leo, maana ni habari ya aibu. Lakini juzi nilisikia kwamba kule juu, karibu na mashamba ya mahindi, wamefungua tena chumba cha maombi, na kwamba wapo wasichana wenye watoto wa kunyonya wanaoingia humo kufunga kavu. Sijalala vizuri tangu nisikie. Basi keti, unisikilize, hata kama maharage yako yapo jikoni. Maharage yakiungua tutapika mengine.

Katika ndoto ile mwanamke aliingia mlangoni pangu. Sikumjua. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, akatembea polepole, akamwinua mtoto wangu jinsi mtu anavyochukua kitu chake alichokisahau kwa jirani, akatoka naye. Hakunitazama. Mimi nikataka kupiga kelele, nikakuta sina mdomo. Nilipapasa uso wangu hapa, hapa, nikakuta ngozi tupu. Nikaamka nimelowa jasho. Riziki, binti yangu wa miezi mitatu, alikuwa amelala salama kabisa, tumbo limejaa, na nzi mmoja akimzunguka.

Mwingine angemfukuza nzi akaendelea na siku yake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kabla ya Riziki nilikuwa na mtoto wa kiume, Bahati. Tulipokimbia vita kwetu Fizi alishikwa na homa njiani, msituni, nikambeba siku mbili akiungua mgongoni, na siku ya tatu nikaona mgongo wangu umepoa. Nilidhani ni upepo. Tangu siku hiyo niliogopa kila kitu: niliogopa kikohozi, niliogopa bundi, niliogopa hata mtu akimsifia mtoto wangu kwamba amenenepa. Na zaidi ya vyote, mwanangu, nilimwogopa Mungu, maana niliamini kwamba Bahati alikufa kwa sababu sikuomba vya kutosha.

Mume wangu, Wilondja, alikuwa mbali wakati ule, analima kwa watu ng'ambo ya mji wa Kabingo, anarudi mara moja kwa majuma mawili. Basi nikaipeleka ndoto yangu kwa Mama Esperansi. Huyu alikuwa kiongozi wa bamama wa maombi, mtu wa kwetu Kivu ya Kusini, na watu walimwita mama wa maono. Hakuwa mtu mbaya. Nataka ulijue hilo mapema, usije ukamchukia bure. Alikuwa na kijana wake aliyepotea vitani, na kila mwezi alimfungia siku kadhaa bila kula, akimsubiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba. Kisha akasema, "Mama, kuna mutu ametumwa juu ya huyu mutoto. Ule wa kwanza alienda, sasa banataka wa pili."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Unaomba Mungu maisha ya mutu, na unakuja na nini? Mukono mutupu haulambwi. Utafunga siku tatu, kavu. Hakuna chakula, hakuna maji. Utaingia na mutoto ku chumba ya maombi, na hautatoka mbele ya saa ifike."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na maziwa ya mtoto?"

"Mutoto atakula nguvu ya maombi," alisema. Akaniinamia sikioni akaongeza lile lililonifunga kuliko kamba: "Lakini ukivunja mbele ya saa, ule adui atarudi na benzake. Ni afazali haungeanza."

Unaona mtego wenyewe? Kuingia ni hofu, na kutoka ni hofu kubwa zaidi.

Tuliingia Alhamisi jua likichomoza, wanawake sita na mimi wa saba, na ni mimi pekee niliyekuwa na mtoto. Kile chumba kilikuwa cha udongo na paa la plastiki, na mchana plastiki ile inapika watu. Siku ya kwanza niliimba kwa nguvu, hata nikajiona nimekuwa shujaa wa imani. Riziki alinyonya, akalala, akanyonya. Nikawaza moyoni, kumbe ni rahisi.

Ijumaa ulimi ukanishika kwenye kaakaa. Mchana ikanyesha mvua ya ghafla juu ya ile plastiki, na mimi nikasikia kila tone, nikakaza meno nisitoe mkono nje. Riziki alinyonya ziwa la kulia, akaliacha, akalilia la kushoto, akaliacha. Alilia kwa hasira. Nilijikamua pembeni nione, yakatoka matone mawili, na baada ya hapo hakuna. Jioni nilipogusa nguo yake nikakuta ni kavu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilijua, mwanangu. Usidhani sikujua. Kila kitu ndani yangu kilisema toka, kunywa maji, mpe mtoto. Na kila nilipotaka kuinuka nilimwona yule mwanamke wa kitambaa amesimama nje ya mlango na wenzake, wananisubiri nivunje. Nikaketi.

Jumamosi asubuhi mtoto akanyamaza.

Hapa ndipo ninapoona aibu hata leo. Mama Esperansi alipoona mtoto amenyamaza, akainua mikono juu. "Mutoto ametulia! Adui ameshindwa!" Wanawake wakapiga vigelegele kwa midomo iliyokauka. Na mimi mama yake, niliyembeba tumboni miezi tisa, nikainuka nikayumbayumba nikacheza pamoja nao. Nilimshukuru Mungu kwa kimya kile. Nilicheza nikiwa na mtoto anayekufa mkononi.

Jua lilipofika utosini mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Koko Feza, bibi mmoja jirani yangu ambaye kazi yake ilikuwa kufagia kanisa na kuchota maji ya wachungaji. Hakuwa na cheo. Katika ibada hukumsikia hata akiomba kwa sauti. Alisimama mlangoni, fagio bado mkononi, akazungusha macho mpaka akatuona.

"Nilisikia mutoto analia jana na usiku yote," alisema. "Leo sisikii. Njo maana nimekuja."

Mama Esperansi akamwambia watu wako katika vita vya kiroho, afunge mlango. Koko alikuja akaweka kidole juu ya kichwa cha Riziki. Utosi ulikuwa umebonyea, kidole kile kilikaa ndani yake. Akavuta ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Kisha akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo tena.

"Weye unafunga?"

"Ndiyo, Koko."

"Hapana. Haiko weye unafunga. Mutoto njo anafunga. Nani alimuuliza?"

Nilichokuwa nacho ni hofu tu. Nikamshika nguo nikamwambia, "Koko, imebaki nusu siku. Nikitoka sasa watamchukua."

Yule bibi hakubishana. Alininyang'anya mtoto, akatoka naye juani, na miguu yangu ikamfuata yenyewe.

Tulipanda pikipiki moja, mimi, yeye, na mtoto katikati, dereva akikwepa mashimo, hadi kituo cha afya. Daktari alimwangalia mara moja tu akaita gari la wagonjwa litupeleke hospitali kubwa ya Mbarara. Koko akanipa kikombe cha maji. Nilikishika, nikatazama kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu wa kunikamata. Nikanywa. Maji yale yalikuwa matamu, na nilipoyameza nikasema moyoni, basi nimemuua.

Tulipofika Kabingo gari likasimama. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, wale wa pembe ndefu, hawana haraka, mmoja akasimama katikati akatutazama. Dereva alipiga honi, wapi. Mimi nikaanza kulia kwa sauti. Nilijua ni Mungu ametuma ng'ombe wazuie njia, kwa kuwa nimevunja nadhiri.

"Unalia nini?" Koko aliuliza.

"Nimevunja, Koko. Sasa atakuja kumchukua."

"Nani atakuja?"

"Mungu."

Ng'ombe wa mwisho akapita, gari likaondoka. Ndipo akasema, taratibu, akimpangusa mtoto midomo kwa kitambaa kibichi, "Ule mwenye unaogopa vile, haiko Mungu. Ule ni mulozi, muchawi, umemupatia jina ya Mungu."

Nikamwambia kwamba sikumwombea Bahati vya kutosha, ndiyo sababu alikufa.

"Sikiya, mwanangu. Mimi nilizala batoto sita. Batano nilibaombea sana, nilibafungia, nililala chini, na bote bakafa. Wa sita alikuja nikiwa mugonjwa, sikuweza hata kusema Amina, na ule njo aliishi. Sasa unifasirie. Ni maombi gani ilimulinda?" Akatikisa kichwa. "Ile njo inaitwa neema. Haiko mushahara. Na ningekuwa namulipa Mungu, ningemuachaka siku nyingi, juu alinikatia batano."

Nikamuuliza, kwa ukali nadhani, kwa nini basi hajamwacha.

"Juu siku nilizika wa tano, sikuwa na nguvu ya kumushika. Yeye njo alinishika." Akageukia dirishani hadi Mbarara.

Hospitali walimtafuta Riziki mshipa mikononi, wakaukosa, wakaupata kichwani, wakamtundikia serumu, yale maji ya dripu. Nikaambiwa nikae karibu, na nisubiri. Mwanangu, kusubiri kule sikutakii hata adui. Sikuthubutu kuomba. Kila nikifungua mdomo niliona kwamba nitaomba kwa jina la Mungu niliyemvunjia ahadi, na kwamba nikimkumbusha yupo, atakumbuka na deni langu. Nikatazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka, nikiogopa kupepesa macho.

Siku ya pili akafungua macho. Muuguzi akasema sasa anatakiwa kunyonya. Nikatoa ziwa. Alilivuta mara tatu, akalia bila machozi, akageuza uso. Nilikunywa maji na uji mpaka tumbo likauma, lakini maziwa hayarudi kwa kuamriwa.

Kwenye kitanda kilichofuata alilala mwanamke wa pale pale Mbarara, Mwislamu, mumewe muuza vitambaa, naye ana binti mchanga aliyekuwa anatibiwa kifua. Mtandio wake ulikuwa wa kijani. Alikuwa akinitazama tangu jana. Sasa akainuka akaketi.

"Nyabo, leta mutoto hapa."

Kwao nyabo ni mama; lililobaki sikulielewa.

"Leta, leta. Shamimu wangu ameshiba, analala. Maziwa iko mingi, inanisumbua bure."

Muuguzi aliomba kadi yake ya kliniki, akaisoma, akasema hakuna ubaya. Wote wakanitazama mimi. Na unajua nilichowaza? Sitakuficha. Niliwaza kanisa litasema nini. Niliwaza mtoto wa mama wa maombi atanyonyaje kwa Mwislamu, na kama huo si mlango mwingine nitakaomfungulia yule adui. Mtoto wangu ana njaa ya kufa, na mimi bado napanga walinzi mlangoni.

Koko Feza hakungoja nimalize kuwaza. Alimchukua Riziki, na mpira wa serumu wake, akamweka mikononi mwa yule mama. Yule mama akasema "Bismillahi" kwa sauti ndogo, nami nikanyoosha mikono nimnyang'anye. Ndipo nikasikia mtoto anameza.

Alimeza, akapumua, akameza. Sauti ile, mwanangu. Mikono yangu ilibaki imenyooka hewani hadi Koko akaishusha. Nikapiga magoti sakafuni, kati ya vitanda viwili, mbele ya watu wote, nikalia. Sikulia kwa furaha peke yake, kwa maana hofu ilikuwa bado imenikaba. Nililia kwa sababu nilikuwa sijaomba. Sikufunga, sikuimba, sikusema hata Amina, nadhiri nimeivunja, moyo umejaa mashaka, na mtoto wangu anameza.

Yule mama alitunyonyeshea siku nne, mpaka maziwa yangu yaliporudi. Nilipotaka kumshukuru, nikamwambia sina cha kumpa, alinikatiza kwa kucheka. "Sikiza, nyabo. Huyu sasa ni dada ya Shamimu, wamenyonya ziwa moja. Mimi iko na vijana watatu nyumbani. Hakuna hata moja anaweza kuoa huyu! Umesikia? Usije na posa kwangu." Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka mara ya kwanza tangu ile ndoto.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Tuliporudi Juru, Mama Esperansi alikuja kunipokea na wenzake wakiimba. Akambeba Riziki, akambusu miguu. Kisha akasema Jumapili nitoe ushuhuda kanisani, jinsi mfungo wa siku tatu ulivyomwokoa mtoto. Wao waliumaliza mpaka jua likazama, wakafunga na sehemu yangu iliyobaki kwa niaba yangu. Alisema hayo akiwa na machozi ya kweli, na midomo yake ilikuwa bado imepasuka kwa kiu.

Nikaogopa tena. Nikikataa nitawaaibisha watu walionipenda kwa njia yao. Na ndani kabisa, sauti ile ya zamani ikaniambia: sema tu walivyotaka, usimchokoze yule wa mlangoni.

Jumapili nilisimama mbele na Riziki mgongoni. Nilitazama mabenchi. Katika benchi la pili aliketi msichana mmoja, mke wa mpanda pikipiki, na kichanga chake kikitafuta ziwa na kuliacha, kikitafuta na kuliacha. Midomo ya yule msichana ilikuwa myeupe. Nilizijua alama zile: alikuwa siku ya pili ya mfungo, kavu.

Basi nikasema. Nikasema yote: kwamba nilicheza mtoto wangu akifa, kwamba nilivunja mfungo ikiwa imebaki nusu siku, kwamba Mwislamu wa Mbarara alimpa mtoto ziwa lake wakati mimi sijui hata kuomba, na kwamba hilo ndilo jibu la Mungu nililopata, siku ambayo sikuwa na lolote la kumwonyesha. Hakuna aliyesema haleluya. Mtu mmoja alitoka nje akisonya.

Yule msichana akainuka. Nilidhani naye anatoka kwa hasira. Ili apite ilimbidi avuke mbele ya Mama Esperansi aliyekuwa mwisho wa benchi. Mama Esperansi alimtazama, akakitazama kichanga. Kisha akavuta miguu yake pembeni ampishe. Msichana akaenda nyumba ya jirani, na mlango wa kanisa ulikuwa wazi, sote tukamwona akinywa maji, kikombe baada ya kikombe, mtoto kifuani.

Mwanangu, sikwambii usifunge. Nami nafunga mpaka leo, ingawa magoti yananitukana. Lakini ukifunga, funga kama mtu aliyekwisha kupendwa, usifunge kama mtu anayetaka kununua. Ukiwa unanyonyesha, kula, unywe, maana mwili wako una mlaji mwingine ambaye hakula kiapo na wewe. Mtoto akiugua, panda pikipiki, na uombe ukiwa juu ya pikipiki. Msaada ukija kwa mkono usioutazamia, usiuulize dini yake kabla mtoto hajameza. Na mtu yeyote akikuambia kwamba Mungu atakugeuka ukikosea saa, mheshimu kama mkubwa wako, kisha ondoka.

Wala usidhani hofu itakuisha. Yangu haijaisha. Riziki leo ana watoto wake, na mmoja akikohoa usiku bado naamka kuhesabu pumzi. Sisi tuliokimbia tumeona mengi ya kuogopesha, na sijui kesho italeta nini. Ninachojua ni kwamba nguvu zetu sizo zinazomshikilia Mungu asiondoke. Kama zingekuwa ndizo, tungekuwa tumekwisha kumwachilia siku nyingi.

Nenda sasa, maharage yako yananukia huku. Mungu akufikie kabla hujamaliza kumwita. Awafikie wanao wakiwa mgongoni mwako na wakiwa mbali na mgongo wako. Na siku utakapokuwa umekosea yote, mwanangu, umeogopa hata kulitaja jina lake, akufikie siku hiyo hiyo.